Rangi ya Ng'ombe wa Kalinzi

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, mwalimu alisoma majina ya wanafunzi wapya wa upimaji wa ardhi, na jina langu halikuwamo. Nilijua tangu mapema kwamba halitakuwamo. Hata hivyo nilikuwa nimevaa tai.

Ninyi vijana wa biro ya ardhi, siku nilipokabidhi funguo za kabati la ramani, mliniomba niandike jinsi tulivyojifunza kazi hii hapa Bukavu wakati wa Wabelgiji. Nadhani mlitaka kusikia habari za vyeo. Habari ya vyeo ni fupi: Wabelgiji waliondoka, viti vikabaki, tukavikalia. Mimi nitaandika juu ya mwaka mmoja tu, wa mwisho mwisho wa ukoloni, kwa kuwa karibu yote ninayoyajua vizuri niliyapata mwaka ule, na kwa kuwa bado unaniuma.

Kozi ilikuwa ya miaka miwili, baada ya sekondari. Asubuhi upimaji, mchana sheria ya ardhi. Walioingia walikuwa vijana wenye diploma za misheni. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na saba, shule ya msingi isiyokwisha, na kitabu cha trigonometria kilichokatika jalada, nilichokisoma peke yangu hadi nikawa naota pembetatu. Nilikuwa nimevuta mnyororo wa kupimia tangu ujana. Kwa ajili hiyo mwalimu, Mbelgiji mrefu asiyependa maneno mengi, aliniruhusu kukaa nyuma karibu na mlango kama msikilizaji. Msikilizaji anafanya kazi zote za wengine ila hapewi cheti.

Lakini aliniahidi jambo. Mwisho wa mwaka kila mmoja angeleta faili ya shamba halisi: ramani yake, na uchunguzi wa haki za watu wanaokaa juu yake. Faili yangu ikipita bila alama hata moja ya kalamu nyekundu, angeniandikisha mwaka wa pili kama mwanafunzi kamili.

"Hata moja," alisema.

"Hata moja," nilijibu. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu namna ile, hata siku ya kuoa.

Kiti cha mbele kabisa alikaa Deo. Alikuwa Murega, mtu wa kabila la Warega wa Mwenga, kijana wa miaka ishirini na moja, aliyetoka seminari bila kuwa padri na bila kugombana na mapadri, jambo ambalo si wengi wanaliweza. Alijua Kilatini. Viatu vyake havikushika matope ya mtaa wetu wa Kadutu, na mpaka leo sijui alipitia wapi. Lakini kilichoniumiza zaidi ni macho yake. Kwenye teodoliti, darubini yetu ya kupimia pembe, kuna mistari midogo kama nywele za mtoto mchanga, na ndiyo inayokuambia dakika za pembe. Mimi niliisoma kwa kufumba jicho, kufumbua, kufuta kioo na kuomba Mungu. Deo aliinama, akasema namba, akainuka. Mwalimu alipomuuliza kama ana hakika, aliinama tena, akasema namba ileile. Ningempa Kilatini chote, kama ningekuwa nacho, anipe jicho moja.

Mazoezi ya kwanza tulifanyia Nguba, kando ya ziwa, kwenye majumba ya Wazungu. Tulipima bustani zao hadi sentimita ya mwisho. Hatukuwa na ruhusa ya kulala huko, lakini tulijua kuliko wenyewe jinsi ua wa jirani ulivyowaingilia. Mama mmoja wa Kizungu alitoka na sinia, akampa Deo maji ya limau kwa sababu alimsalimia kwa Kifaransa kirefu. Mimi nilikuwa mwisho wa bustani, nimeshika rula ndefu ya kusomea vipimo, nimesimama wima kama mlingoti. Rula haiachwi. Basi sikunywa.

Mtu aliyenifundisha mnyororo ni Papa Mugaruka, mkubwa wa wavutaji, Mushi mwenzangu, yaani mtu wa Bushi kama mimi. Hakuwahi kushika kitabu na hakuona sababu ya kukishika. Mwalimu alipotupeleka Kamanyola, kwenye joto la bonde la Ruzizi, Deo alimkuta Papa Mugaruka akigusa utepe wa chuma kwa shavu kabla ya kuuvuta.

"Papa, juu ya nini unaubusu?" Deo aliuliza.

"Siubusu. Nasikiliza kama iko na homa. Chuma ni kama mutu, jua ikimupiga anajinyoosha. Ukipima hapa saa sita, shamba ya mutu itapunguka, na yeye atasema ni jirani njo alimuiba."

Akamweleza yote: kwa nini milimita tatu katika utepe wa mita ishirini si kitu mjini ila ni kitu bondeni, mashamba yalikokuwa marefu, nguvu ya mkono wa kuvuta, kivuli cha kungojea. Walimaliza mchana mzima. Jioni nilimwendea. Mimi nilikuwa nimemfuata miaka miwili mizima kabla ya kupata siri ile ya shavu, tena niliipata kwa kumchungulia.

"Papa Mugaruka, mimi ulinificha."

"Sikukuficha. Wewe hauulizake. Unaangaliaka tu kama paka kwa mulango ya jikoni."

Hata nyumbani sikupona. Jumapili moja Deo alikuja kunitembelea Kadutu, akala ugali na samaki, akamsifu mke wangu Nsimire, akaondoka mapema kama mgeni mwema. Nsimire alitoa vyombo akiimba.

"Ule kijana anajua kusalimia watu," alisema.

"Kusalimia si kupima."

"Wewe, papa, unajua kupima. Sasa ujifunze kusalimia."

"Anakula sana."

"Alikula kidogo kukupita wewe. Bonifasi, wivu itakutoboa tumbo, na dawa yake haiko kwa dispansari."

Nilikuwa na somo moja tu ambalo Deo hakunifikia. Katika sheria ya ardhi, mwalimu alifika kwenye mila za Bushi akakwama, akaomba mtu aeleze. Nilisimama kule mlangoni. Nikasema kwamba kwetu mtu anapata shamba kwa njia mbili. Ya kwanza ni bwasa: unampa mwenye kilima pombe na siku chache za kazi, unalima maharage na mtama kwa msimu, kisha unaomba tena. Ya pili ni kalinzi: unampa ng'ombe mara moja, na wewe na wanao mnakaa hapo, hakuna wa kuwaondoa. Nikaongeza kile ambacho kila mtoto wa Mushi anakijua kabla ya kujua kusali: mtu wa bwasa hapandi mgomba, kwa kuwa mgomba unadumu kuliko mapatano. Ukiona migomba iliyozeeka mbele ya nyumba, umeona ng'ombe aliyetolewa.

Mwalimu aliandika hayo ubaoni. Deo naye aliyaandika, kwa ule mwandiko wake wa kuchapwa, na maneno yangu yakapendeza kwenye karatasi yake kuliko yalivyokuwa kinywani mwangu.

Ndipo ikaja zamu ya faili. Mimi na Deo tulipewa kilima kimoja upande wa Walungu. Mzungu mmoja wa mashamba alikuwa ameomba sehemu yake apande miti ya kinkina, ile ya dawa ya malaria. Serikali ilitaka kujua kama ardhi ni tupu, na kama si tupu, nani mwenye haki ya kukubali na kulipwa. Kupima tungepima pamoja, lakini uamuzi juu ya haki za watu kila mmoja angeandika wake.

Ramani ilienda vizuri. Deo kwenye teodoliti, mimi kwenye rula, na Papa Mugaruka alikuja nasi kusimamia utepe. Sehemu iliyoombwa ilikuwa na nyumba moja, ya mjane aliyeitwa M'Rutega. Nilikwenda kwake na karatasi yangu. Alikuwa akipepeta maharage. Tuliongea Mashi, lugha yetu, na ilikuwa raha kwangu, kwani Deo alisimama pembeni kama mzigo usio na mwenyewe. Nilimuuliza jina la marehemu mumewe, akasema Rutega; nikauliza nani aliwapa mahali, wamekaa tangu lini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba mingi, minene, iliyokwisha kuzaa wajukuu. Nikaandika: kalinzi. Nikafunga kalamu.

"Papa Boni," Deo alisema, "muulize ile ng'ombe ilikuwa ya rangi gani."

"Hatuulizake vile."

"Juu ya nini?"

"Ni haya. Ni kama kumuuliza kama bwana yake alimuoaka kweli ao walikaa tu."

"Basi umuambie ni Murega njo anauliza. Sisi kwetu ng'ombe hakuna, haya yetu iko kwa mambo ingine."

Nilikataa. Papa Mugaruka aliendelea kukunja utepe. Deo akachuchumaa mbele ya yule mama, akatamka neno la Mashi la ng'ombe, alilookota sokoni, na akalitamka vibaya. Kisha akagusa chungu cheusi, akamtazama. Akaonyesha udongo mwekundu. Akaonyesha kuku mweupe. M'Rutega alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kwa mtu kama yule, mgeni asiyejua chochote, hakuona haya. Alijibu kwa urefu, na mimi nikalazimika kutafsiri.

Ng'ombe alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mumewe alimsindikiza mwenyewe kwenda kwa murhambo, yaani mkubwa wa kilima. Njiani ng'ombe akaanguka akafa. Wakampelekea murhambo ngozi.

"Ngozi tu?" Deo aliuliza.

"Ngozi. Aliipokea, akailalia mpaka alikufa. Akatuambia tupande migomba," M'Rutega alijibu.

Kwenye njia alikuwa amesimama mtoto wa yule murhambo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa kilima, na kofia yake ya sufi. Alikuwa amekuja kuangalia teodoliti.

"Ngozi haiko ng'ombe, mama," alisema. "Baba yangu alikuwa mutu ya huruma."

"Na ile pombe ya ndizi unakunywaka kwangu kila mwaka," M'Rutega alisema, "ni huruma njo tunakamua?"

"Nakunywa juu ya heshima."

"Basi uniheshimu kidogo kidogo, mutungi zangu ziishe polepole."

Vijana, kesi ilikuwa hiyo. Kama kalinzi ilikamilika, hakuna wa kutia sahihi isipokuwa M'Rutega. Kama haikukamilika, mwenye kofia angetia sahihi peke yake, angepokea fidia ya Mzungu, na mjane angeng'oa migomba yake.

Tukishuka kwenda kwenye gari, Deo alinisogelea. "Papa Boni, mimi nitaandika kama sijui. Nitaandika maneno ya maman na maneno ya ule wa kofia, na niombe mutawala mwenyewe apande aulize. Tuandike sawa?"

Nilimwambia kila mtu ana kalamu yake. Sikutaka faili yenye swali la Deo ndani. Lakini msidhani niliandika kwa hasira, niliandika kwa hakika. Aliyepokea ngozi na akasema pandeni migomba, amepokea ng'ombe. Huo ndio Ushi, mila yetu. Nilisema hivyo wakati ule na ninasema hivyo leo, na kama kuna mzee wa Walungu mwenye maoni mengine, aje, bado nina nguvu ya kubishana. Niliandika kurasa nne zilizonyooka, kila hoja ikisimama juu ya mwenzake kama matofali. Mwishoni niliandika: kalinzi kamili.

Faili zilirudi baada ya juma moja. Ramani yangu ilikuwa safi. Mahesabu safi. Ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu, safi. Kwenye wa nne, pembeni mwa mstari wa mwisho, kulikuwa na maneno machache mekundu ya Kifaransa: Nani amesema hivi?

Nilikwenda kwa mwalimu. Nikamweleza Ushi upya, nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa Mzungu wa wakati ule lilikuwa zawadi.

"Inawezekana umesema kweli, Bonifasi," alisema. "Nadhani ni kweli. Lakini mchunguzi haandiki anachojua. Anaandika alichoambiwa, na nani alimwambia. Mwenzako aliandika."

"Yeye aliandika kwamba hajui."

"Ndiyo. Na alikuwa kweli hajui."

Hivyo ndivyo kiti kilivyokwenda. Nilikuwa tayari kushindwa na mtu anayejua kunipita. Nilishindwa na mtu aliyesema "sijui" kwa Kifaransa kizuri. Nilirudi kwenye kiti changu cha mlangoni, na Deo aligeuka akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko wino mwekundu.

Mutawala, mkubwa wa serikali wa eneo lile, alipanda kilima, kama faili ya Deo ilivyoomba. Aliyetafutwa kutafsiri ni mimi. Watu walikusanyika mbele ya nyumba ya mwenye kofia. Mutawala alikuwa na karatasi ya Deo mkononi, na alianza na lile swali ambalo mimi sikutaka kulitafsiri. Kwanza alimwambia M'Rutega akae ndani asisikie. Kisha akamuuliza mwenye kofia: hiyo ngozi aliyolalia baba yako, ilikuwa ya rangi gani?

Nilitafsiri neno kwa neno.

"Nyekundu," alisema bila kufikiri. "Doa nyeupe hapa." Akajigusa paji la uso. "Mimi mutoto nilikuwa nalala juu ya ile doa."

"Na baba yako aliiitaje?"

Mwenye kofia akaivua kofia, akaanza kuikung'uta. Wazee waliokaa kwenye mawe waliangalia chini. Mmoja wao akajibu badala yake: "Aliiitaka ng'ombe ya Rutega. Sisi wote tulisikiaka. Alisema, leta ng'ombe ya Rutega nilale."

M'Rutega aliitwa, akasema rangi ileile. Mutawala akaandika kwamba kalinzi ilikubaliwa na aliyepokea, na kwamba bila sahihi ya mjane ardhi haiwezi kutolewa. M'Rutega alipoulizwa kama anakubali kuondoka alipwe, alijibu kwamba pesa haina kivuli. Mzungu akaenda kutafuta kilima kingine cha kinkina yake.

Mtasema basi nilikuwa nimeandika kweli. Ndiyo. Neno langu la mwisho na neno la mwisho la mutawala ni neno lile lile. Lakini la kwangu lilikuwa kwenye karatasi iliyofungwa kabatini, na la Deo ndilo lililopanda mlima na kurudi na mashahidi. Nikiwa mkubwa wenu, faili ya mtu isiyo na jina la aliyesema niliirudisha kila mara. Mliniita mgumu. Sikuwaambia ugumu huo nilifundishwa na nani, maana hilo lilikuwa gumu zaidi.

Nilipokuwa najiandaa kupanda gari la mutawala, M'Rutega alinishika mkono.

"Wewe ni mutoto ya nani?" aliniuliza kwa Mashi. Nikamtajia. Akamjua babu yangu. Akafurahi sana, akaingia kwenye migomba, akarudi na mkungu mzito wa ndizi za kuiva, kichwani kwa binti yake.

"Pokea," alisema.

Nilianza kushukuru, kama inavyopasa.

"Umpelekee yule Murega," alisema. "Yule wa kuuliza. Umwambie mama yake alizaa mtu."

Nilisafiri na mkungu ule mapajani kutoka Walungu hadi Bukavu. Nilimkuta Deo kwenye ua wa shule, nikautua mbele yake.

"Ni za nini, Papa Boni?"

"Maman anakushukuru."

"Tugawe nusu nusu."

"Hazikutumwa nusu."

"Basi umupelekee maman Nsimire. Mimi peke yangu zitaniozea."

Nsimire alizipokea na kuzisifu juma zima. Mimi sikuonja, na watu wa nyumbani walidhani naumwa tumbo.

Siku ya kufunga mwaka, majina ya mwaka wa pili yalisomwa, la Deo likiwa la kwanza. Nilikuwa natoka langoni karani wa shule aliponiita dirishani. Miezi kadhaa kabla ya hapo, kwa hakika niliyokuwa nayo, nilikuwa nimeweka amana ya vyombo vya mwaka wa pili: bikari, rula za pembe, sanduku la wino. Hakuna aliyeniomba. Niliogopa tu vitakwisha.

"Papa Bonifasi, hii ni yako. Uhesabu mbele yangu."

Nikahesabu.

"Uko na bahati," alisema. "Mwanafunzi wa kweli akishindwa, amana yake inabaki kwa shule. Lakini wewe haukuandikishwa, sheria haikugusi."

Nikatia sahihi ya kupokea. Kwa kutokuwa mwanafunzi niliokoa faranga elfu moja mia sita na hamsini.